Mrejesho: sauti na mwanga wa filamu ya chukudu na jeep, Goma

Aksanti kwa wote mliojibu. Swali lilikuwa hili: filamu ya dakika 12, kijana wa chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) na mama tajiri wa Himbi, mtaa wa Goma, wanaongea kwenye dirisha la jeep, maneno hayasikiki, na uso wa kijana ni giza tupu.

Giza lilikuwa la kujitakia. Jeep nyeupe ikijaza picha, kamera inayojipimia yenyewe inafuata weupe wa gari na kuzamisha nyuso. Sasa mwanga unapimwa kwa mkono kwenye shavu la kijana, shata ikifunguka 1/50 ya sekunde kwa picha 25 kila sekunde, na ubao mweupe wa polistirini uko chini ya dirisha kwa sababu mawe meusi ya volkano hayarudishi mwanga. Saa moja hadi saa tatu asubuhi tu; jua likipanda utosini macho yanageuka mashimo. Na kamera ibaki usawa wa macho ya kijana. Ikihamia kwenye kiti cha mama, hadithi yote inakuwa ya huruma.

Maikrofoni ndogo ilikuwa inasuguana na kikwembe (kitenge). Imebanwa kati ya vipande viwili vya plasta vilivyokunjwa pembetatu, gundi nje. Injini imezimwa, hata kipoza hewa. Mlio wa magurudumu ya chukudu umerekodiwa peke yake, sentimita 30 kutoka gurudumu.

Bado video za simu zinasumbua: idadi ya picha kwa sekunde inapanda na kushuka, midomo inaachana na sauti. Zigeuzwe ziwe picha 25 thabiti kwa sekunde kabla ya kuhariri, si baada.