Mashine ya barafu inagandisha nusu tu, kila fundi anasema gesi imepungua

Barafu_Kigamboni:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Naombeni msaada wa mafundi friji mliopo humu. Nina mashine ya barafu za vipande, ile inayokaa juu ya stoo yake, kwenye kibati cha maelezo imeandikwa R404A (aina ya gesi) na 220-240V, nauzia wauza juisi, baa na baadhi ya wachuuzi wa samaki pale feri. Zamani ilikuwa inadondosha barafu ya sahani nzima (ile bati ya kugandishia) na hadi asubuhi stoo imejaa. Sasa hivi mzunguko mmoja unaenda karibu saa nzima, na ikidondosha unakuta juu barafu imenenepa hadi vipande vimeshikana kama tofali, chini ni ngozi nyembamba tu ukishika inavunjika. Saa nyingine haidondoki kabisa, inaning'inia mpaka niisukume kwa mkono.

Fundi akija anafunga geji, anasema gesi imepungua, anaongeza, nalipa, anaondoka. Inafanya kazi vizuri kidogo halafu inarudi palepale. Mwingine juzi kasema kompresa (ile pampu ya kusukuma gesi) imechoka ninunue mpya, na bei aliyotaja ni kubwa sana kwangu. Kabla sijatoa hela hiyo naombeni mnieleze, ni kweli kompresa? Na kwa nini gesi inaisha kila mara?

Mzee_wa_Geji:
Marahaba dada, pole sana. Usinunue kompresa kwanza.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna tundu, na fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kwenda kupotea hewani. Sasa hiyo dalili yako ya juu nene chini hamna kitu, angalia bomba dogo linalotoka kwenye ekspansheni valvu (kivalvu kinachopima gesi inayoingia kwenye koili ya kugandishia) linaingilia sahani upande gani. Kama linaingilia juu basi hiyo ni gesi pungufu waziwazi, kile kidogo kilichopo kinachemka na kuisha mwanzoni mwa koili, kikifika chini hakina tena ubaridi wa kugandisha.

Na hilo la kutodondoka ni ugonjwa uleule. Hizi mashine hazina hita ya kuachanisha barafu, zinafungua solenoidi (valvu inayofunguliwa kwa umeme) na kupeleka gesi ya moto kutoka kompresa moja kwa moja nyuma ya sahani, barafu inayeyuka kidogo pale inaposhikana na chuma, inateleza. Gesi inayogandisha ndiyo hiyohiyo inayoachanisha. Ikiwa pungufu, joto la kuachanisha nalo linakuwa dogo, barafu inaganda vibaya na inang'ang'ania.

Mtaalam_Mtaani:
Mbona mnamtisha dada wa watu, R404A siku hizi bei juu, amwambie fundi apige gesi ya 134 (R134a) tu ni rahisi na inapatikana kila duka, mbona friji nyingi zinatembea nayo

Mzee_wa_Geji:
@Mtaalam_Mtaani hapana ndugu yangu, hilo litamharibia mashine. R404A kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inasoma kama psi 30 (kipimo cha presha) kwenye geji, 134a kwenye baridi hiyohiyo inasoma kama psi 5 tu. Hiyo kompresa na ekspansheni valvu vimepimwa kwa gesi moja, ukiweka nyingine uwezo unaporomoka, na ukichanganya juu ya ile iliyomo ndiyo kabisa, hakuna chati duniani itakayokuambia unasoma nini. Na asije mtu akamshauri aweke R290, hiyo ni propani inawaka moto, inakaa kwenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake, na hata huko inawekwa kidogo sana.

Nyundo_Mvita:
Salaam dadangu, mimi niko Mombasa nashughulika na mashine za hoteli. Nakubaliana na mzee ila kabla hamjafungua mfumo wa gesi angalieni maji, hilo mafundi wengi hawaligusi kabisa.

Maji yanatoka wapi? Kama ni tangi jeusi lililo juani juu ya paa, mchana hayo maji ukinawa tu unahisi moto, na kompresa inabidi iyapoze yote ndiyo ianze kugandisha, kwa hivyo mchana mashine itachelewa hata ikiwa nzima. La pili, tazama valvu ya kuingizia maji wakati mashine inagandisha. Haifai kuingiza hata tone baada ya kisahani cha maji kujaa. Ikiwa inapitisha kidogo kidogo basi kila dakika unaongezewa maji ya moto juu ya barafu. Weka mkono kwenye bomba la kumwaga maji machafu, likichuruzika mfululizo mashine ikiwa inagandisha umepata mwizi wako. La tatu kondensa, ile rejeta yenye feni inayotoa joto nje. Huku pwani vumbi, mafuta ya jikoni na chumvi ya hewa vinaziba vile vibati vyembamba vyake mpaka feni inavuta kitu kizito, presha ya juu (upande wa gesi ya moto) inapanda, uzalishaji unashuka. Safisha kwa brashi laini kufuata mistari, usikwaruze kukata mistari.

Lakini nusu sahani kama unavyosema, hilo kweli linanuka gesi pungufu.

Barafu_Kigamboni:
Asanteni sana. Bomba dogo linaingilia juu, nimeangalia na tochi. Maji natoa kwenye tangi la juu ya bati kweli, nitalijengea kivuli. Bomba la kumwaga halichuruziki. Je hilo la kompresa nijue vipi fundi ananiambia ukweli?

Mzee_wa_Geji:
Swali zuri sana hilo, hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela.

Kompresa iliyochoka inashindwa kuvuta upande wa chini (wa gesi baridi) na kusukuma upande wa juu (wa gesi ya moto), yaani presha ya chini inabaki kubwa na ya juu inabaki ndogo. Kitu ambacho fundi hakwambii ni kwamba ile solenoidi ya gesi ya moto ikiwa haifungi vizuri, inatoa dalili hizohizo kabisa, kwa sababu gesi ya moto inavuja kurudi upande wa baridi wakati mashine inagandisha. Kompresa nzima nyingi zimeng'olewa kwa kosa la hicho kivalvu ambacho bei yake haifiki hata robo.

Kukipima hauhitaji chombo. Subiri mashine ianze kugandisha, zipite kama dakika 5, gusa kwa tahadhari bomba linalotoka kompresa, litakuwa moto wa kuunguza, halafu gusa bomba linaloingia kwenye hiyo solenoidi. Likiwa la vuguvugu au limepoa, valvu inafunga, iko sawa. Likiwa moto karibu sawa na lile la kompresa basi valvu inapitisha, badilisha hiyo na kompresa uiache. Presha za kwako fundi alisoma ngapi?

Barafu_Kigamboni:
Sikumbuki mkuu, nilimwona tu akifungua mtungi huku anaangalia geji mpaka sindano ikafika alipotaka akafunga.

Mzee_wa_Geji:
Ndiyo hapo sasa. Naomba hili ulishike maana ndilo linalonikera kwenye kazi yetu.

Friji ya nyumbani au chumba cha baridi presha ya chini inatulia mahali. Mashine ya barafu HAITULII. Inaanza kugandisha ikiwa juu, psi 50 au 60 huko kwa R404A, na kadiri barafu inavyonenepa inashuka polepole mpaka inakaribia 30 au chini, halafu solenoidi inafunguka inaruka juu sana, mzunguko unaanza upya. Sasa fundi anayejaza kwa kuangalia sindano amejaza kwa dakika gani? Akifika mwanzoni anaona presha kubwa anaacha pungufu, akifika mwishoni anaona ndogo anazidisha. Ikizidi, presha ya juu inapanda hasa kwa joto la Dar, na kompresa inaumia kila inapoachanisha.

Hizi mashine zinajazwa kwa mizani. Kwenye kibati pale ulipoona R404A kuna uzito, gramu au aunsi, hicho ndicho kipimo, hakuna kingine. Na huwezi kujua umebakiwa na gramu ngapi ndani, kwa hiyo kazi halali ni kutoa yote iliyobaki kwenye mtungi wa kukusanyia, sio kuifungulia hewani. Hii gesi ni mbaya kwa joto la dunia karibu mara 4,000 ya kaboni dayoksaidi, ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanazipunguza gesi za aina hii.

Ikishatoka: tafuta tundu kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Naitrojeni, sio oksijeni ya kulehemu hata siku moja, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, inaua. Lehemu, naitrojeni ikipita taratibu ndani ili bomba lisifanye masizi yatakayoziba ekspansheni valvu. Badilisha filta draya (kichujio kinachonyonya unyevu na uchafu), lazima. Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwa pampu, mpaka maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki) na ikae hapo bila kupanda. Mafuta ya R404A yanafyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Kigamboni unaijua, unyevu ukibaki unatengeneza asidi inayokula waya za kompresa. Mwisho mtungi unageuzwa kichwa chini ili itoke ikiwa kimiminika, kwa sababu hii gesi ni mchanganyiko, inawekwa juu ya mizani mpaka gramu za kwenye kibati zitimie.

Muulize fundi kabla hajaja: una mizani na vakyumu pampu? Akikosa kimoja, tafuta mwingine.

Nyundo_Mvita:
Na kwa tundu muanze na sehemu zenye mafuta mafuta. Gesi ikitoka inatoka na mafuta kidogo, vumbi linaganda hapo. Vipini vya savisi valvu (pale fundi anapofunga geji), nati za kubana, na pale bomba jembamba linapogusana na bati, kompresa ikitetemeka inalisugua mpaka linatoboka.

Barafu_Kigamboni:
Wakuu Mungu awabariki sana. Nimepata fundi mwenye vifaa. Solenoidi imepimwa kama ulivyosema, bomba lake lilikuwa limepoa kabisa, iko nzima. Tundu lilikuwa nyuma ya kondensa, bomba la presha lilikuwa linasugua ukingo wa bati, palikuwa na doa jeusi la mafuta na vumbi, alipopaka povu likatoa vimapovu vidogo vidogo mfululizo. Kalehemu, kavalisha kipande cha mpira pale lisisugue tena, draya mpya, vakyumu ilikaa muda mrefu nikaenda sokoni nikarudi bado inavuta. Kapima na kujaza hadi namba ya kibati. Sasa sahani imejaa juu mpaka chini, inadondosha yenyewe kila baada ya dakika kama 20, usiku chini ya hapo. Ampia (umeme inaovuta) za kompresa kapima ziko chini ya zile za kibati, kasema haina tatizo.

Nimebaki na kitu kimoja, kwenye sahani kuna ukoko mweupe na hapo barafu inachelewa kuachia. Naweza kukwangua na kisu?

Nyundo_Mvita:
Alhamdulillah. Kisu usiguse kabisa dadangu, hiyo sahani imepakwa nikeli, ukiichuna barafu itashikilia hapo daima na shaba itaanza kuliwa. Huo ni ukoko wa maji magumu, yenye chokaa. Nunua dawa ya kuondoa ukoko iliyoandikwa ni salama kwa nikeli, izungushe na pampu ya mashine yenyewe kufuata maelekezo ya chupa, suuza mara kadhaa, barafu ya mzunguko wa kwanza imwage. Ile asidi ya kusafishia choo usiiweke. Dawa ya kuua vijidudu inakuja baadaye, peke yake, baada ya kusuuza, kwa maana asidi ikikutana na jik inatoa gesi ya klorini na hicho chumba chako ni kidogo. Halafu weka filta kwenye bomba la maji yanayoingia, ukoko utachelewa kurudi.