Year of the Dog: mbona hii komedi haitajwi?

Binti Chumbageni:
Habari za jioni wapendwa. Kuna mwenzangu aliyeitazama Year of the Dog ya 2007? Ameiandika na kuiongoza Mike White, yule aliyeandika School of Rock. Molly Shannon ndiye Peggy, karani anayeishi peke yake na mbwa wake mdogo, Pencil. Usiku mmoja Pencil anatoka nje, asubuhi Peggy anamkuta hoi uani kwa jirani. Sumu. Hafiki jioni.

Mimi niliiona kwenye laptopu ya mdogo wangu, wiki tatu baada ya kumzika Simba chini ya mwarobaini. Simba aliachwa na wapangaji waliohama, akahamia barazani kwangu, miaka sita. Nikitoka soko la Ngamiani hunisubiri kona, kengele ya baiskeli yangu akiijua. Alipokufa nikaambiwa, "Si mbwa tu? Tafuta mwingine." Na Peggy ndivyo, shoga yake Layla anaona dawa yake ni kupata mwanamume! Nilicheka, kisha nikalia mpaka mdogo wangu akaizima. Mbona hakuna anayeizungumzia?

Mzee wa Deep Sea:
Pole sana mwanangu. Naiona inawapoteza watu kwa sababu wanangoja mbwa wa kuchekesha. Kichekesho kimo kwa binadamu. Ile siku Al, jirani, anamkaribisha Peggy chakula, kisha anamsimulia alivyompiga risasi mbwa wake mwenyewe kwa bahati mbaya utotoni! John C. Reilly, anayemwigiza Al, anayasema kwa upole kabisa, hajui anachoma kidonda. Hapo mimi hucheka huku nimeshika kichwa.

Mgosi wa Makorora:
Dada, nakuheshimu, ila mimi Peggy alinishinda alipoanza kuandika hundi za bosi wake kuwachangia wanyama. Huo ni wizi. Na sisi wa pwani tumelelewa kwamba mbwa akikulamba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kumlalisha kitandani siwezi kukuelewa.

Binti Chumbageni:
Shikamoo mzee, ahsante. Kaka yangu Mgosi, hata Simba hakuvuka kizingiti, alikuwa na bakuli lake na gunia lake nje. Lakini madrasa hiyohiyo ilitufundisha habari ya aliyeteka maji kisimani kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Hundi sizitetei. Ila filamu nayo haimfichi: kazi inamponyoka, nyumba inajaa mbwa mpaka hapakaliki, na bado kamera haimdhihaki. Mwishoni yumo ndani ya basi anakwenda kuwatetea wanyama, uso umetulia. Ule uso ndio ninaoutafuta tena. Laptopu imeondoka na mdogo wangu kwenda Dar. Mzee, kama unayo kwenye flashi, nitaifuata kesho baada ya alasiri.

Mzee wa Deep Sea:
Marahaba. Ipo. Njoo na baiskeli, nitaisikia kengele.