HERMES ETI "BODABODA WA ZEUS"! Huyu jamaa leo kavuka mpaka

Wakuu, simtaji. Nyote mnamjua: yule wa sauti nzito, anayeng'ang'ania maiki kila mjadala wetu wa sauti wa usiku mtandaoni utadhani karithishwa na babu yake.

Hata jasho halijanikauka. Naeleza kazi ya Hermes, mungu wa Wagiriki wa kale, mtoto wa Zeus mfalme wa miungu, kanikatiza: "Kwa kifupi, huyo alikuwa bodaboda wa Zeus." Kundi zima likaangua kicheko. Bodaboda! Wa Zeus!

Hermes huyo, mtoto wa Maia, kazaliwa alfajiri pangoni mlima Cyllene, adhuhuri anapiga kinubi alichokiunda mwenyewe kwa gamba la kobe, jioni keshaiba ng'ombe 50 wa mungu Apollo na kuwaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye. Siku ya kwanza duniani! Huyo mcheshi wenu siku yake ya kwanza alifanya nini zaidi ya kulia?

Na huko kutumwatumwa, kwenye Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, anayepeleka salamu za Zeus ni mungu wa kike Iris. Hermes anaitwa penye hatari. Kitabu cha 24, mzee Priam, mfalme wa Troy, anapita usiku katikati ya maadui kwenda kumwomba Achilles, shujaa wa Wagiriki, maiti ya mwanawe Hector aliyemuua. Nani kamsindikiza, kawatia walinzi usingizi, kamfungulia malango? Hata roho za wafu ni yeye anayeziongoza kuzimu, na yeye anatoka. Halafu bodaboda! Na watu wakacheka! Hata yule dada asiyechekaga, kacheka!

Nikamwambia akasome kwanza. Akanijibu: "Tulia, abiria."

ABIRIA!

Kobe Mkavu: Mkuu, kinachokuuma ni "abiria", Hermes unamsingizia tu.

Mleta uzi: Vyote vinauma! Lile jitu Argus lenye macho mwili mzima nani kaliua? Ares, mungu wa vita, alipofungiwa miezi 13 ndani ya mtungi wa shaba, nani kamtoa? Halafu mimi niitwe abiria mbele za watu!

Kijiwe cha Juu: Mimi naendesha bodaboda. Naomba nionyeshwe tusi liko wapi. Usiku wa manane nabeba wajawazito kuwapeleka hospitali, sijaona mungu yeyote akisaidia kusukuma.

Mama Wawili: Afadhali wewe mleta uzi. Mimi jamaa huyo huyo aliniambia Hades ni shetani, akafunga mjadala. Hades ni kaka yake Zeus, kuzimu alikupata kwa kura! Mbona hilo halikufunguliwa uzi?

Kobe Mkavu: Abiria mwingine kapanda.

Mama Wawili: Nyamaza wewe, nawe ulicheka siku ile.

Usingizi Kwanza: Waacheni Wagiriki. Nani aliamua mijadala ianze saa tano usiku? Wengine alfajiri tunadamka.

Kijiwe cha Juu: Bado nasubiri jibu langu.

Usingizi Kwanza: Na bando inayoteketea huyo wa maiki akipiga zile salamu zake nusu saa, nani anairudisha?

Mama Wawili: Hapo sasa umeongea. Fungua uzi wa bando, tunakuja wote.