Nyimbo gani zifungue usiku wa dansi kabla dijei mkuu hajapanda?

Mwanafunzi wa Mashine, Tudor

Hamjambo ndugu na wakubwa zangu. Nimepewa muda wa ufunguzi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne, katika usiku wa dansi utakaofanyika kwenye ukumbi mmoja wa Nyali. Baada yangu atapanda dijei anayepiga amapiano na afro-house, miziki ya dansi kutoka Afrika Kusini, na huanzia mapigo 112 kwa dakika.

Sitaki kurudia kosa nililolifanya mwezi wa nne kule Mtwapa. Siku ile niliona watu kama thelathini wamekaa kimya kwenye viti, nikaingiwa na hofu kwamba hawapendezwi, nikazitoa nyimbo zote kali nilizokuwa nazo kabla ya saa tatu. Watu waliinuka kweli, wakacheza kwa dakika ishirini, kisha wakarudi kukaa wakiwa wamelowa jasho, na mwenzangu alipopanda alikuta karibu kila wimbo aliokusudia kuupiga umeshapigwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mimi nipige nini?", na swali hilo bado linanisumbua.

Naomba mnielekeze: nichague nyimbo kwa kufuata kasi, aina ya muziki, au umri wa nyimbo? Moyo wangu unataka usiku uanze na muziki wetu wa Pwani, lakini nahofia kuambiwa kwamba nimeleta muziki wa kuwatumbuiza watalii hotelini.

Fundi wa Santuri, Ganjoni

Mwanangu, kosa lako lilianzia katika kuusoma ule ukimya. Mtu anayeingia ukumbini Mombasa saa mbili usiku ametoka kuswali Isha au kula, amepita kwenye joto la barabarani, na anachokitaka kwanza ni kiti kilicho karibu na feni, kinywaji baridi, na nafasi ya kuamkuana na aliowakuta. Hajaukataa muziki wako. Itazame miguu yake chini ya meza, na kichwa chake anapozungumza; vikianza kuufuata mdundo, umeshampata, na huna haja ya kumwinua kwa nguvu kabla hajapumua.

Kuhusu kasi, piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Ukianza kwenye mapigo 96 na ukatakiwa kumkabidhi mwenzako ukumbi kwenye 112, una mapigo 16 ya kupanda ndani ya dakika 120. Nyimbo za dakika nne nne ni kama thelathini, kwa hiyo kila wimbo unaupita uliotangulia kwa nusu pigo hivi, kiasi ambacho mchezaji hatakihisi. Mimi nilijifunzia kwenye Technics SL-1200 MK2, mtambo wa kupigia santuri uliotoka 1979, ambao kitelezi chake cha kasi hakivuki asilimia 8 juu wala chini, na ufinyu ule ulinizoeza kuzipanga nyimbo kwa ujirani wa kasi zao badala ya kuzilazimisha. Hata leo, kama mashine yako haina njia ya kuizuia sauti isipande pamoja na kasi, kumbuka kwamba ukiongeza karibu asilimia 6 umeisogeza sauti ya mwimbaji kwa nusu toni nzima, na mtu aliyekua na wimbo ule atajua kwamba kuna kilichoharibika hata kama hawezi kukitaja.

Sasa rumba, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Rumba ya Kongo ya miaka ya 1970 na 1980, pamoja na ile iliyorekodiwa Nairobi na bendi kama Super Mazembe na Orchestra Virunga, mara nyingi ina vyumba viwili ndani ya wimbo mmoja. Chumba cha kwanza ni cha mwimbaji, nacho ni tulivu, cha kuelezana habari za mapenzi na dunia; cha pili ni sebene, ambapo magitaa hushika usukani na miguu ikaachiwa. Chumba cha kwanza ni chako wewe mfunguzi. Cha pili ni cha saa sita usiku. Toka kwenye wimbo mara tu gitaa linapoanza kubadili mkao, na watu watabaki na hamu ambayo mwenzako ataikuta ikimsubiri. Unaweza kuiacha sebene moja tu iende hadi mwisho, yapata saa nne kasorobo, ikiwa ukumbi wenyewe umeshaonyesha kwamba unaitaka.

Nyimbo hizo zilipigwa kwa mikono ya watu, kwa hiyo kasi yake hupanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Usijaribu kuzipandanisha kwa dakika nzima. Zitagongana kama hamali wawili wenye mikokoteni katika kichochoro cha Mji wa Kale. Mapigo manane ya kupokezana yanatosha, au uache wimbo umalizike wenyewe, upitishe pumzi moja, kisha uanze mwingine.

Na bango usiionee haya hata kidogo. Muziki ulioundwa papa hapa Mombasa na Mzee Ngala hauwi wa watalii kwa sababu tu hoteli nazo ziliupenda. Saksofoni ile huingia ukumbini bila kumsukuma mtu, na hilo ndilo unalolihitaji katika nusu saa ya kwanza.

Dada wa Leso, Likoni

Namheshimu sana mzee Fundi, ila naomba nitofautiane naye kidogo kuhusu hesabu. Mimi si dijei. Mimi huja kucheza, na kwa zaidi ya miaka kumi mimi na wenzangu tumekuwa wa kwanza kuingia sakafuni. Mwili hauhisi kasi peke yake. Nimewahi kuchoshwa na wimbo wa mapigo 98 uliojazwa ngoma, kelele na sauti za kuitikia bila kuacha upenyo, na nimewahi kuburudika na amapiano ya 112 iliyokuwa na kinanda na sauti laini tu, kabla ile besi inayodunda kama gogo haijaingia, nikaweza kuzungumza na rafiki yangu bila kupaza sauti. Kwa hiyo, kaka, unapochagua nyimbo za saa ya kwanza, uliza kwanza kama zina nafasi ndani yake, kisha ndipo uangalie namba.

Jambo la pili ni maneno. Ukumbini kwetu mara nyingi wanaofungua sakafu ni wanawake waliokuja kwa kundi, na sisi hatuinuliwi na wimbo mkali. Tunainuliwa na wimbo ambao tumeshauimba tukiwa tumekaa. Ukiona meza moja inaimba kiitikio, usikimbilie wimbo mwingine wenye nguvu zaidi. Tupe wa pili wa namna ileile, wenye maneno tunayoyajua, na kabla haujaisha utatuona tumesimama. Zouk ya polepole kutoka Guadeloupe na Martinique hufanya kazi hiyo vizuri pia, ingawa wengi wetu hatujui lugha yake, kwa sababu tumeisikia tangu utotoni na tunaiimba kwa kubahatisha.

Chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani, nayo ina mahali pake, na tafadhali usiipachike popote. Chakacha huhesabiwa kwa sita, ilhali house na amapiano huhesabiwa kwa nne. Ukiichanganya juu ya mdundo wa nne bila kuielewa, viuno vinakosa pa kushika. Iweke yapata saa tatu na nusu, na uache wimbo uliotangulia umalizike kabisa ili ngoma ianze katika ukimya. Leso zikishafungwa viunoni, usiikate baada ya dakika mbili kwa kuhofia kwamba tumechoka. Tukichoka tutakaa, na ukumbi utakuwa umeshafunguka.

Mtu wa Vyombo, Changamwe

Nitaongeza la sauti tu. Ukumbi mtupu wenye vigae sakafuni na kuta za saruji hurudisha mwangwi, hasa wa sauti za juu, na watu wanapoongezeka miili na nguo zao huunyonya mwangwi huo. Kwa hiyo saa mbili punguza kidogo sauti za juu na usiogope kucheza kwa upole. Kinachosikika kigumu mbele ya viti vitupu kitakuwa kizuri watu wakijaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100, na kila desibeli 3 unazoongeza ni sawa na kuizidisha nishati ya sauti mara mbili. Ukianza kwenye 86 na ukamkabidhi mwenzako kwenye 94, umemwachia ngazi ya kupanda. Ukimkabidhi ukumbi taa nyekundu za mtambo zikiwaka kwamba sauti imefika kikomo, amebaki na kushuka tu.

Mwanafunzi wa Mashine, Tudor

Mzee wangu, dada, na ndugu wa vyombo, nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nilizipitia nyimbo zangu upya na nikagundua kwamba nilikuwa nimezipanga kwa kuangalia ni ipi inapendwa zaidi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nizimalize mapema. Sasa nimeandaa nyimbo themanini, ingawa nitapiga thelathini tu, ili niweze kuufuata ukumbi: bango na rumba ya chumba cha kwanza, kisha nyimbo za Kiswahili zenye viitikio vinavyojulikana pamoja na zouk, chakacha mbili mfululizo, na dakika ishirini za mwisho amapiano ya kinanda isiyo na besi nzito. Nimempigia simu dijei mkuu nikamwomba anitajie nyimbo ambazo angependa nisiziguse. Alinitajia kumi na mbili, na saba kati ya hizo zilikuwa kwenye orodha yangu ya zamani.

Limebaki swali moja: wimbo wangu wa mwisho uwe wa namna gani?

Fundi wa Santuri, Ganjoni

Uwe mrefu, wa mapigo yaleyale atakayoanzia yeye, na nusu yake ya mwisho isiwe na mwimbaji. Mwenzako atahitaji dakika mbili tatu za kuchomeka vifaa vyake, kuvaa hedifoni na kuusikia ukumbi, na hawezi kufanya hayo huku kiitikio kinachopendwa kikiwa kinaelekea ukingoni. Mkabidhi mashine mdundo ukiwa unaendelea, usikate muziki wala usichukue kipaza sauti kuaga. Kisha usiondoke, kaa karibu na ukuta kwa nusu saa uone ni wapi kwenye sakafu ulipomwachia watu, na ni meza zipi bado zimekaa.