Mjadala: Shahada za bima, forodha na vipimo zifutwe, zibaki kozi za kusoma baada ya B.Com?

Kokwa (mtoa mada)
Wadau, msimu wa kuomba vyuo ndio huu. Kuna B.Com na BBA, shahada za biashara kwa ujumla, ambazo kila mzazi anazijua, halafu kuna zile ambazo hata mwalimu wa kidato cha sita hazitaji: bima na usimamizi wa vihatarishi pale IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), forodha na kodi katika Chuo cha Kodi, vipimo na viwango pale CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), ushirika na uhasibu kule Moshi. Hoja yangu ni kwamba hizi zisiwe shahada ya kwanza. Kijana wa miaka 19 asifungiwe kwenye chumba chenye mlango mmoja. Asome biashara kwa upana, kisha bodi za kitaaluma zimnoe. Chukua bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hujikatia: waajiri wake wanahesabika kwa vidole, TAN-RE hapa Dar, Kenya Re na ZEP-RE Nairobi, na wengine wachache. Akikosa huko anaelekea wapi?

Gati_la_Tano
Mkuu, umeshika tawi jembamba kuliko yote ukaliita mti. Njoo kwenye forodha. Msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, una tarakimu sita zinazofanana karibu dunia nzima, Afrika Mashariki tunaongeza mbili zinakuwa nane. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja una makundi manne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Mzigo wenye thamani ya milioni 10, bima na nauli ya meli zikiwemo, ukiwa kundi la 25 ushuru ni 2,500,000. VAT ya 18% inapigwa juu ya 12,500,000, nayo ni 2,250,000. Jumla 4,750,000, ukiacha tozo ndogondogo. Ukiuweka kimakosa kundi la 10, unalipa 2,980,000. Pengo ni 1,770,000 kwa tarakimu chache tu.

Na kosa lenyewe si la uzembe. Mtu anaingiza mashine iliyofunguliwa vipande, anaandika "vipuri". Kanuni ya 2(a) ya uainishaji inasema kitu kilichofunguliwa, kama vipande vinatosha kukiunda, kinahesabiwa kitu kizima. Anayejua anajenga hoja kabla meli haijatia nanga. Asiyejua anaijua kanuni hiyo kontena likiwa limezuiwa, storeji na demareji (tozo za kulaza mzigo bandarini na kuchelewesha kontena) zikihesabu siku.

Kokwa
Hesabu yako sawa, ila aliyesajiliwa VAT anaidai ile ya uingizaji kama kodi ya manunuzi, inapunguzwa kwenye VAT ya mauzo yake. Pengo linalomuuma kweli ni 1,500,000 ya ushuru. Na hayo yote yanafundishwa kwenye cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, miezi kama sita hivi. Miaka mitatu ya nini?

Gati_la_Tano
Kwenye VAT umenishika. Kwenye cheti hapana. Cheti kinakufundisha kuandaa nyaraka na kuziwasilisha. Hakikufundishi kubishana juu ya thamani. Mkataba wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) una njia sita za kuthamini mzigo, na huruki kwenda ya pili mpaka ya kwanza, yaani bei halisi ya mauziano, ikataliwe kwa sababu. Muuzaji na mnunuzi wakiwa kampuni ndugu, unatakiwa uonyeshe kwamba undugu haukupindisha bei, na hapo unahitaji uhasibu wa gharama na sheria kwa pamoja. Tena kuna saa inayotembea: sheria ya forodha ya Jumuiya, ya 2004, inakupa siku 30 kuomba Kamishna apitie upya uamuzi. Wengi wanazimaliza wakipiga simu za kuomba huruma.

Mama_Prospekta
Nyote mnabishania majina. Mnunuzi mzuri hufungua gunia. Pakua prospekta ya kozi, kile kijitabu cha chuo chenye orodha ya masomo, hesabu. Shahada yetu inataka krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ondoa yale yanayofundishwa kila mahali: kanuni za uhasibu, uchumi, hesabu za biashara, sheria ya biashara, stadi za mawasiliano, kompyuta, utafiti. Zinazobaki zenye jina la fani ndizo fani. Zikifika nusu, hiyo ni shahada ya bima kweli. Zikiwa masomo matano au sita, ni B.Com iliyovaa kilemba, na hoja ya Kokwa inasimama.

Pili, tazama kama nyuma ya fani kuna sheria. Ununuzi na ugavi una bodi yake, PSPTB, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, na huwezi kufanya kazi hiyo kitaaluma bila kusajiliwa. Uhasibu una bodi yake, NBAA: kwenye mitihani yake mwenye shahada ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati, wa shahada nyingine anaanza chini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nayo yanatofautisha: Afisa Hesabu ni shahada, Mhasibu ni shahada pamoja na CPA(T), sifa ya juu ya NBAA. Kwa hiyo "atanolewa na bodi baadaye" si bure, Kokwa. Aliyesoma kwa upana analipia upana huo kwa mitihani ya ziada na miaka.

Tatu, kusanya matangazo ya kazi ya mwaka mzima, sio ya wiki moja, uone yametaja jina la fani mara ngapi na mara ngapi yameandika "au sifa inayolingana". Maneno hayo matatu ndiyo mlango wa pili ambao Kokwa anasema haupo.

Likoni_Feri
Huku Kenya tulichagua njia ya katikati. B.Com ni miaka minne, na mwanafunzi anachagua mkondo akishapita masomo ya pamoja: bima, fedha, masoko, uhasibu. Inapendeza kwenye karatasi. Shida ni kwamba mkondo unabaki na yuniti chache, na mwajiri bado atauliza CPA ya KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, au mitihani ya Chartered Insurance Institute ya Uingereza ikiwa ni bima. Kwa hivyo msitutolee mfano kama tumelitatua.

Lakiri
Vipimo toeni kabisa kwenye orodha hii. Inasomwa chuo cha biashara lakini inakula fizikia na hesabu, huwezi kuipachika juu ya B.Com.

Mfano ni pampu ya mafuta. Unachukua kopo la kupimia la lita 20, unalilowesha kwanza kwa mafuta, unalimimina, unaacha lichuruzike kama nusu dakika, ndipo unapima: mara moja kwa kasi, mara moja taratibu. Ukipima kopo likiwa kavu, mafuta yanayoganda ukutani yataonekana kama pampu inapunja. Kwa kiwango cha kimataifa kosa linaloruhusiwa ni nusu kwa mia, yaani mililita 100 kwenye lita 20. Sasa petroli hutanuka takriban 0.1% kwa kila nyuzi moja ya joto. Nyuzi 10 ni mililita 200, mara mbili ya kosa lote linaloruhusiwa. Aliyesoma masoko atapiga lakiri (muhuri wa kuipitisha) pampu mbovu au atafunga kituo kisicho na kosa. Kukamata lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ndiyo kazi nyepesi katika fani hii, gunia ni mwisho kilo 100, basi.

Kokwa
Vipimo naondoa. Bima bado. Wanafunzi wa bima wanapelekwa mafunzo kwa vitendo, wanawekwa kaunta kukatia watu bima ndogo za magari wiki zote. Faili la madai hawaligusi.

Hasara_Halisi
Hilo la kaunta ni kweli, na dawa yake ni chuo kuandika kwenye daftari la mafunzo kwamba mwanafunzi lazima apitie madai kadhaa kuanzia taarifa ya hasara mpaka malipo. Lakini fani si kaunta. Stoo ina mali ya milioni 100, imekatiwa bima ya milioni 60, moto umekula mali ya milioni 20. Mwenye stoo anasubiri 20, analipwa 12, kwa sababu kanuni ya uwiano inasema 40% ya hatari aliibeba mwenyewe. Kugawanya kila mtu anaweza. Kazi ni kujua mapema kwamba alitaja thamani ya mali ya Februari, wakati stoo hujaa kuelekea Idi na Krismasi.

Kidato6_2
Naombeni msaada wakubwa. Nina EGM (uchumi, jiografia na hesabu), fizikia sina. Nichague ipi?

Mama_Prospekta
Vipimo sahau, mwanangu. Hesabu ikiwa nzuri, angalia takwimu bima, yaani hesabu za kukadiria hatari na bei ya bima, pale UDSM au IFM, ila ujue mitihani ya kitaaluma ni ya Uingereza au Marekani na ada zake hulipwa kwa fedha za kigeni. Hesabu ikiwa ya wastani, weka forodha au ununuzi mbele na B.Com nyuma yake. Kabla hujabonyeza kutuma, leta hapa prospekta za kozi unazozifikiria tuhesabu krediti pamoja.