Mrejesho: ile filamu ya kufutana kumbukumbu, tumeielewa

Assalaam alaykum nyote. Niliuliza jinsi ya kuifuata Eternal Sunshine of the Spotless Mind (2004), maana mimi na mdogo wangu hapa Wete tulipotea kabisa: Joel na Clementine, wapenzi wanaofutwa kila mmoja kumbukumbu za mwenzake, mara wanapendana, mara hawajuani. Ahsanteni sana kwa majibu.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni wa kutazama nywele za Clementine. Kijani ndipo walipokutana, nyekundu penzi limekolea, rangi ya chungwa limeanza kuchacha, buluu ni baada ya yeye kufutwa kumbukumbu. Kumbe lile tukio la kwenye treni mwanzoni kabisa mwa filamu ni la baadaye, baada ya kufutwa! Na kwa kuwa Joel anafutwa kumbukumbu kuanzia za karibuni kurudi nyuma, ugomvi hutangulia na raha hufuata. Ndiyo maana katikati anabadili nia, anahangaika kumficha Clementine kwenye kumbukumbu za utotoni. Pale duka la vitabu, majalada yanapogeuka meupe huku wao bado wanazungumza, machozi yalinitoka.

Faili la manukuu ya Kiswahili nililoelekezwa halikufaa, maneno yalichelewa. Tukalizima, nikawa namfasiria mdogo wangu mwenyewe.

Kwa aliyesema filamu itamliwaza mdogo wangu, ambaye uchumba wake umevunjika: bado, dada yangu. Alilia mpaka mwisho na hataki kuizungumzia. Ningemsubirisha kwanza moyo utulie.

Wengine, anzeni na nywele.