Naomba ushauri: nimpeleke dada India akatibiwe kwa seli zake za kinga?

Mwana wa Pangani: Wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Dada yangu ana saratani. Nimesikia kuwa huko Mumbai seli T za mgonjwa hutolewa katika damu yake, hubadilishwa vinasaba maabara ili ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini. Tujiandae na kiasi gani cha fedha?

Bi Mkunga: Pole, mwanangu. Marehemu mume wangu tulimpeleka India kwa ajili ya moyo, na kilichotumaliza si hospitali, bali chumba cha kupanga na chakula. Bebeni unga wenu.

Mpimadamu: Kabla ya fedha, ni saratani ya nini? NexCAR19, tiba ya aina hiyo iliyoidhinishwa India Oktoba 2023, ni ya saratani za damu na za limfu zinazotokana na seli B (aina mojawapo ya seli za kinga), kwa kuwa seli zilizobadilishwa huwinda CD19, alama iliyo juu ya seli B. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo, Philadelphia mwaka 2012, alikuwa na saratani ya damu. Naye aliponea chupuchupu, maana kinga ilipochachamaa alipata homa kali hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Mwana wa Pangani: Ni ya titi, na imefika kwenye ini. Lakini wakala ametuhakikishia kuwa kinga ni kinga, nasi tumekwisha kuuza shamba la minazi na kulipa arubuni, ndiyo maana niliuliza gharama tu.

Mtulivu: Shamba la urithi haliuzwi kabla ndugu wote hawajakaa kitako. Mama yenu aliridhia?

Kijana wa Gengeni: Kama kinga ni kinga, basi hata mwavuli utatibu saratani.

Mzee Barazani: Mleta mada amejiunga jana, na uzi wake wa kwanza umetaja mji na tiba kama kipeperushi. Mimi naona wakala ndiye yeye.

Mwana wa Pangani: Nimejiunga jana kwa sababu jana ndipo alipodai nusu iliyobaki. Dada yuko kwenye dripu ya tatu ya dawa za saratani, na daktari wake hatujamwambia.

Mpimadamu: Mwambieni leo. Naye wakala aeleze kwa maandishi seli hizo zitawinda alama gani katika saratani ya titi, na ni nani aliyeidhinisha.

Mwana wa Pangani: Nimemwuliza. Amejibu kuwa nauli ya ndege itapanda Ijumaa.